Masomo Bila Ada, Mlango wa Euro 11,904

Sheria ya ukaazi ya Ujerumani, ambayo kwa Kijerumani huitwa Aufenthaltsgesetz na ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2005, inamzungumzia mwanafunzi wa kigeni katika kifungu cha 16b, na kifungu hicho kina sifa moja ambayo mwombaji wa Afrika Mashariki ni nadra kuelezwa: mtu aliyedahiliwa na chuo kikuu kinachotambuliwa, na aliyetimiza masharti mengine yaliyoandikwa, ana haki ya kupewa kibali, wala kibali hicho hakitegemei hisani ya afisa aliyeketi nyuma ya kioo cha ubalozi. Haki hiyo, hata hivyo, imewekewa walinzi wawili, yaani fedha na kusudi, na ni mbele ya walinzi hao ambapo faili la mwombaji husimama au huanguka, hata kama vyeti vyake ni vya kujivunia.

Kabla ya kueleza habari za walinzi hao inafaa kutenganisha maneno mawili ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchukuliwa kuwa kitu kimoja. Viza ni ruhusa ya kuingia nchini, hutolewa na ubalozi na kubandikwa katika pasipoti, ilhali kibali cha ukaazi ni ruhusa ya kuishi nchini kwa kusudi maalumu, na hutolewa na ofisi ya wageni ya mji anamosoma mwanafunzi baada ya yeye kuwasili. Viza ya masomo ni ya daraja linaloitwa D, yaani viza ya taifa, inayomruhusu mtu kukaa zaidi ya siku 90, na hutofautiana na viza ya Schengen ya daraja la C ambayo hupewa mtalii au mfanyabiashara wa safari fupi. Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi hawamo katika orodha ya mataifa machache ambayo watu wake huruhusiwa kuingia kwanza na kuomba kibali baadaye, na kwa hiyo wakala anayemshauri kijana aende kwa viza ya kitalii kisha „abadilishe hukohuko" anamuuzia tiketi ya kwenda na kurudi.

Sababu inayowavuta wengi Ujerumani inajulikana: vyuo vikuu vya umma vya nchi hiyo, kwa sehemu kubwa, havitozi ada ya masomo, hata kwa wageni. Hali haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 2005 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliyaachia majimbo uhuru wa kutoza ada, majimbo kadhaa yakazianzisha, kisha siasa za ndani zikazifuta moja baada ya nyingine hadi jimbo la mwisho, Niedersachsen, lilipoziondoa mwaka 2014. Tangu hapo ada zimeanza kurudi kwa mlango wa uani, na safari hii zinamlenga mgeni peke yake: jimbo la Baden-Württemberg humtoza mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilianza mwaka 2024 kutoza kati ya euro 2,000 na 6,000 kwa muhula, kulingana na programu. Kwingineko, kwa kawaida, mwanafunzi hulipa mchango wa muhula tu, ambao mara nyingi hujumuisha nauli ya mabasi na treni za eneo lake.

Kusamehewa ada, basi, ni kweli. Lakini serikali iliyosamehe ada haikusema kwamba itamlisha mwanafunzi, na hapa ndipo anapoingia mlinzi wa kwanza. Mwombaji anatakiwa athibitishe kwamba ana fedha za kuishi kwa mwaka mzima, na njia inayotumiwa zaidi ni akaunti iliyozuiwa, ambayo Wajerumani huiita Sperrkonto: mwombaji huifungua kabla ya kwenda ubalozini, huweka humo kiasi chote kwa mara moja, na fedha hizo, ingawa ni mali yake, haziguswi mpaka afike Ujerumani, ambapo huachiliwa kwa mafungu sawa ya kila mwezi. Kiasi hicho sasa ni euro 11,904 kwa mwaka, sawa na euro 992 kwa mwezi. Kwa fedha za nyumbani ni zaidi ya shilingi milioni 30 za Tanzania, au zaidi ya shilingi milioni moja na nusu za Kenya.

Namba hiyo haikuokotwa hewani, na kujua ilikotoka kunasaidia kuelewa kwa nini hupanda. Ujerumani ina sheria ya mwaka 1971 ya kuwasaidia wanafunzi wake wenye kipato kidogo, iitwayo kwa ufupi BAföG, na kiwango cha juu cha msaada huo ndicho kipimo anachopimiwa mgeni: euro 475 za mahitaji ya msingi, 380 za pango, na 137 za bima ya afya na ya matunzo, ambazo zikijumlishwa ndizo 992. Bunge likimwongezea mwanafunzi Mjerumani msaada, mwanafunzi wa kigeni huongezewa mzigo. Kabla ya vuli ya mwaka 2019 kiasi kilichotakiwa kilikuwa euro 8,640. Mwaka 2023 kilikuwa 11,208. Na tangu Septemba 2024 ni hicho kilichotajwa. Mwenye kuandaa safari kwa taarifa za jamaa aliyekwenda kabla ya vuli hiyo ya 2019 atafika ubalozini akiwa amepungukiwa maelfu ya euro.

Kwa upande wa serikali hoja ni nyepesi kueleweka, kwani mgeni asiye na fedha katika mji ambao chumba kimoja huweza kumeza nusu ya bajeti yake ataacha masomo na kutafuta kibarua. Na kusema kweli hata 992 ni kiasi cha kujibana, maana mjini Munich kupata chumba cha euro 380 ni bahati nasibu. Hata hivyo haifai kuficha matokeo yake. Nchi ambayo imeondoa ada ili mtoto wa fundi asome sawa na mtoto wa daktari imeweka mlangoni sharti ambalo familia ya mwalimu wa shule ya msingi wa Tabora au Busia hailitimizi ila kwa kuuza kiwanja au kuitisha harambee. Usawa huo umeishia mpakani.

Utaratibu wa akaunti hiyo una nafuu moja ambayo hutajwa mara chache. Fedha zikishathibitishwa kuwa zimeingia, hakuna sharti kwamba zilale humo kwa muda fulani kabla ya maombi, tofauti na Uingereza ambako mwombaji anayetakiwa kuonyesha fedha huonyesha salio lililokaa siku 28 mfululizo. Tena viza ikikataliwa kiasi kilichowekwa hurudishwa baada ya mwombaji kuwasilisha barua ya kukataliwa, ingawa gharama za huduma na za kubadilisha fedha huwa zimekwenda. Kwa sababu hiyo busara ni kuzikusanya fedha mapema lakini kutozihamisha kabla ya barua ya udahili kufika.

Zipo njia nyingine mbili za kumpita mlinzi huyu. Ya kwanza ni ufadhili wa masomo unaotambuliwa, kama ule wa DAAD, shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kitaaluma ambalo lina ofisi ya kanda Nairobi. Ya pili ni hati ya dhamana, Verpflichtungserklärung, ambayo mkaazi wa Ujerumani huitia saini mbele ya ofisi ya wageni ya mji wake baada ya kuonyesha kipato chake, akiahidi kurejesha gharama zote za umma zitakazotumika kumtunza mgeni huyo; dhamana hiyo humbana kwa miaka mitano, na ndugu anayeombwa kuitia saini anastahili kuelezwa hivyo waziwazi badala ya kuambiwa ni „karatasi tu". Kizazi kilichotangulia kilipita kwa njia nyingine kabisa: vijana wa Zanzibar waliopelekwa Ujerumani ya Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, wakati visiwa hivyo vilipokuwa vimeitambua nchi hiyo, walikwenda kwa mapatano ya serikali mbili, na suala la mfuko wa mzazi halikuwa na nafasi.

Barua ya udahili, ambayo ndiyo msingi wa maombi yote, hutegemea jinsi cheti cha sekondari kinavyopimwa, na hapa majirani hawalingani: Mtanzania anayemaliza kidato cha sita amesoma miaka 13, Mkenya aliyemaliza chini ya mfumo wa 8-4-4 amesoma 12. Vipimo vya kila nchi huhifadhiwa katika hazinadata iitwayo Anabin, ambayo iko wazi kwa kila mtu, na vyuo vingi hukabidhi kazi ya kukagua vyeti kwa taasisi ya uni-assist iliyoko Berlin. Ambaye cheti chake hakimfikishi moja kwa moja chuoni hupelekwa kwanza Studienkolleg, yaani chuo cha maandalizi cha mihula miwili kinachomalizikia kwa mtihani. Viza ya maandalizi hayo nayo ni ya masomo.

Mlinzi wa pili, kusudi, ni mgumu zaidi kwa kuwa hahesabiki. Sheria, katika kifungu cha 19f, inaruhusu maombi kukataliwa pale ambapo upo ushahidi au zipo dalili za wazi kwamba mwombaji atautumia ukaazi wake kwa jambo jingine na si masomo. Mipaka ya shaka hiyo imechorwa na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya katika kesi mbili zinazostahili kusomwa pamoja. Katika ya kwanza, iliyoamuliwa tarehe 10 Septemba 2014, kijana wa Tunisia alikuwa amedahiliwa kusoma hisabati Dortmund, lakini mamlaka za Ujerumani zikamnyima viza zikitaja alama zake hafifu, Kijerumani chake kidogo na kutoonekana uhusiano kati ya masomo hayo na kazi aliyoikusudia. Mahakama ikaamua kwamba aliyetimiza masharti ya sheria ya Ulaya hawezi kubuniwa masharti ya ziada. Katika ya pili, ya tarehe 29 Julai 2024, iliyomhusu mwanafunzi wa Kameruni aliyenyimwa viza na Ubelgiji, mahakama ilikubali kwamba nchi inaweza kumkataa mtu asiye na nia ya kweli ya kusoma, ila kwa sharti kwamba kutopatana kwa mpango wake wa masomo kuwe dhahiri vya kutosha na kila ombi lipimwe kwa hali yake yenyewe.

Kutoka katika hukumu hizo mbili mtu anaweza kujifunza namna ya kuandika barua ya maelezo ambayo ubalozi huidai. Afisa anayeisoma hatafuti sifa za Ujerumani, na aya nzima kuhusu uhandisi mashuhuri wa magari haimwambii lolote kuhusu mwombaji. Anatafuta mfuatano: kwa nini aliyesomea uhasibu Mzumbe sasa anaomba shahada ya kwanza ya kilimo, kwa nini miaka mitatu kati ya cheti na maombi haina maelezo, kwa nini programu hii na si ile inayotolewa nyumbani. Kubadili fani si kosa. Kosa ni kuibadili bila kueleza, au kueleza kwa maneno yaliyonakiliwa kutoka barua ya mtu mwingine, ambayo maafisa huyakuta yakijirudia katika faili nyingi. Kadhalika mwombaji anayeulizwa kwenye dirisha majina ya masomo ya muhula wake wa kwanza akakosa kutaja hata moja ametoa mwenyewe ile dalili ya wazi ambayo sheria inaitafuta.

Faili likishapokelewa na ada ya euro 75 kulipwa, safari yake haiishii ubalozini. Nakala hupelekwa kwa ofisi ya wageni ya mji wa chuo, ambayo kwa viza za masomo huwa na muda wa wiki tatu na siku mbili za kazi wa kupinga, na ikinyamaza katika muda huo ukimya wake huhesabiwa kuwa idhini. Utaratibu huu unaeleza jambo linalowatatiza wengi, kwamba wawili walioomba siku moja katika ubalozi mmoja hujibiwa kwa tofauti ya majuma: miji yao ya masomo ni tofauti.

Akikataliwa, mwombaji wa zamani alikuwa na fursa ya kuuandikia ubalozi uleule barua ya kupinga uamuzi bila malipo, lakini fursa hiyo ilifutwa duniani kote tarehe 1 Julai 2025. Zimebaki njia mbili: kuomba upya kwa ada mpya na kwa hati zilizorekebishwa, au kufungua shauri katika Mahakama ya Utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja. Kufutwa kwa barua ile kumemwondolea mwombaji maskini njia pekee isiyogharimu kitu, na kumeongeza thamani ya kulipanga faili vizuri mara ya kwanza.

Anayefanikiwa hukuta nchini taratibu nyingine: kuandikisha makazi yake manispaa ndani ya wiki mbili za kuhamia, kujiunga na bima ya afya ya umma ambayo kwa aliye chini ya miaka 30 kwa kawaida ni jambo la lazima, na kuomba kibali cha ukaazi kabla viza haijakwisha. Tangu Machi 2024 anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili au 280 za nusu siku kwa mwaka, na baada ya kuhitimu anaweza kupewa hadi miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na elimu yake. Lakini kibali kinapohuishwa huulizwa tena swali lilelile la fedha.

Tarehe ya mwisho ya kuomba nafasi katika muhula unaoanza Oktoba ni, kwa vyuo vingi, 15 Julai, na ile ya muhula wa Aprili ni 15 Januari. Kwa kuwa ukaguzi wa vyeti peke yake huchukua majuma kadhaa, na miadi ya ubalozi hupatikana kwa kungoja, anayeanza kutafsiri vyeti vyake mwezi Juni anajiandaa kwa muhula wa mwaka unaofuata.