Aliyeko chuo kikuu naye huchoka

Mwezi huu tumeona vyema tuzungumze juu ya watoto wetu waliopata bahati ya kuingia masomo ya juu.

Kijana wa kambini akipata nafasi ya chuo kikuu, mtaa mzima unafurahi. Mama zetu wanapiga vigelegele, majirani wanakuja kutoa pongezi, kanisani ama msikitini anaombewa. Ni haki yetu kufurahi. Mwaka 2019 UNHCR ilitangaza kwamba kati ya vijana wakimbizi 100 duniani, ni 3 tu waliokuwa kwenye masomo ya juu. Kufikia 2023 wakawa kama 7, na lengo ni wafike 15 ifikapo 2030. Kwa hiyo yule aliyeingia amepita mlango mwembamba kweli.

Lakini sisi walimu wa kujitolea tunakaa na vijana hawa wakirudi likizo, na tunasikia upande mwingine. Kijana anajua kwamba nyumbani wote wanamtazama yeye. Wadogo zake wanasema, "Kaka akimaliza tutatoka hapa." Baba amekwisha kumwita daktari hata kabla ya mwaka wa kwanza kuisha. Basi akifeli mtihani mmoja anaona amefelisha ukoo mzima. Mama akipiga simu na kuuliza masomo yanaendaje, anajibu, "Vizuri tu, mama." Anaogopa kusema lingine. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Tusidhani kwamba karo ikishalipwa kazi imekwisha. Wengi wetu tulianza shule kwa Kifaransa kule Kongo au Burundi. Chuoni mwalimu anafundisha kwa Kiingereza, na nje ya darasa wenzako wanacheka kwa Chichewa. Halafu kuna safari. Dzaleka mpaka Lilongwe ni kama kilomita 45. Kijana anaamka usiku, anapanda minibasi, anapita Area 47 penye nyumba za ukuta na geti, jioni anarudi kwenye chumba kimoja wanamolala watu sita. Kambi hii ilifunguliwa 1994 kwa watu kama elfu kumi hivi, leo tumepita 50,000. Mahali pa kusomea pa utulivu ni pa kutafuta kwa tochi, na tochi yenyewe haina betri.

Tena utaratibu wa nchi unatutaka tuishi kambini, na anayetoka anahitaji ruhusa. Mnakumbuka mwaka 2023, serikali ilipoamuru mwezi wa Machi kwamba wakimbizi waliokaa mijini warudi Dzaleka, na mwezi wa Mei polisi wakaanza kuwakusanya watu Lilongwe. Mwanafunzi mwenye hofu ya kukamatwa njiani, au anayewaza kama wazazi wake wamepata pa kulala, hata akifungua kitabu haoni kilichoandikwa.

Hapa kambini tunasema mtu huyo "ana mawazo mengi." Jirani zetu wa Zimbabwe nao wana neno lao kwa Kishona, kufungisisa, maana yake ni hiyohiyo, kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2006 daktari mmoja wa akili wa kwao, Dixon Chibanda, alianza kuwafundisha akina bibi wa kawaida namna ya kumsikiliza mtu wa namna hiyo. Wanakaa naye kwenye benchi karibu na zahanati, wanamsaidia kuchagua tatizo moja, kutafuta njia ya kulitatua, na kurudi kueleza limefikia wapi. Utafiti wao ulitolewa 2016 ukaonyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi hawa si madaktari. Walifundishwa, na wanajua kusikiliza bila kugombeza.

Msaada upo, ila lazima mtu aufuate mapema. Vyuo vikuu vingi vina ofisi ya kushughulikia maisha ya wanafunzi na mtu wa ushauri nasaha. Kwenda huko si aibu, na hakuandikwi kwenye cheti. Wenye ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa na Ujerumani pamoja na UNHCR mwaka 1992, wajue kwamba mpango ule haukuwekwa kwa ajili ya karo tu. Kuna pia vitabu, chakula, usafiri, na kusaidiana kati ya wanafunzi wenyewe. Hapa kambini JRS wana kazi ya elimu na ya kuwasaidia wenye majeraha ya moyo. Kwa ugonjwa wa akili wenyewe, Saint John of God wana huduma Mzuzu na Lilongwe.

Tusisahau nguvu ya wanafunzi wenyewe. Wale wenzetu wanaoondoka kwenda Kanada kwa mpango wa WUSC, ulioanza 1978, wanapokelewa na wanafunzi wa kule. Wanafunzi hao huchanga pesa kidogo kila mmoja, na huwapo mgeni anapofika, wakimwonyesha duka, benki na darasa lilipo. Hata wanaosoma Zomba, Mzuzu au Lilongwe wanaweza kufanya hivyo kwa mgeni anayetoka Dzaleka. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa wazazi wapendwa, ninyi mna kazi gani? Kwanza, mkipiga simu msianze na matokeo. Ulizeni: Umekula? Unalala vizuri? Una rafiki wa kukaa naye? Mtoto akisikia hivyo, atajua kuna nafasi ya kusema ukweli.

Pili, shida za nyumbani msimfiche zote, lakini msimtwike zote. Akiwa kwenye wiki ya mitihani, habari ya deni la dukani ingoje kidogo.

Tatu, angalieni dalili. Aliyekuwa anapiga simu kila Jumapili amenyamaza mwezi. Amerudi likizo hataki kutoka nje, hali, halali, au amezoea pombe. Akisema maisha hayana maana tena, msimwambie aombe tu na kungoja. Ombeni naye, na siku hiyohiyo mpelekeni zahanati, wala asiachwe peke yake.

Nne, akisema amefeli somo, msimlaani. Mara nyingi chuo kina njia ya kurudia mtihani au kusimamisha masomo kwa muda, na mfadhili anaweza kuelewa akiarifiwa mapema. Anayepotea kimya ndiye hukuta nafasi imekwenda kwa mwingine. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Nanyi vijana mlioko vyuoni, mkisoma ukurasa huu, chagueni leo mtu mmoja wa kumwambia ukweli, awe mama, dada, mwalimu au mwenzako wa chumba. Asiyejua kwa nini unateseka hawezi kukusaidia, hata akikupenda namna gani.

Tunawatakia masomo mema na afya njema. Mwenye swali atufuate shuleni baada ya vipindi vya mchana, tutamsindikiza mpaka mlango wa ofisi inayohusika.