Herufi A Imepotelea Wapi?

Mpwa wangu alifika nyumbani jioni moja na kompyuta yake ya mkononi kwapani, uso umemshuka. Baada ya shikamoo akaiweka mezani, akaifungua. Skrini ya kuingilia iliwaka vizuri: jina lake, kisanduku cha nenosiri, saa pembeni. Akabonyeza kitufe, kimya. Akapitisha kidole kwenye kipanya cha mguso, mshale haukutikisika.

"Kibodi imekufa, mjomba," akasema. "Fundi ameniambia nitafute nyingine."

Nikamuuliza: mara ya mwisho ilipofanya kazi, uligusa nini? Akaeleza kwamba kompyuta yake yenye Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux, na kumbukumbu ya gigabaiti 4 ilikuwa imeanza kujikokota. Alisikia kuwa Xfce ni nyepesi kuliko GNOME, basi akaisakinisha, kisha akanakili mahali fulani amri ndefu ya kufuta kila kilichokuja na GNOME. Alipoizima na kuiwasha, ndiyo ikawa hivi.

Kwa aliyezoea Windows, jambo hili linahitaji maelezo kidogo. Katika Linux, kile unachokiona kwenye skrini, yaani madirisha, menyu, upau wa chini na picha ya nyuma, si mfumo wenyewe. Ni vazi. Linaitwa mazingira ya eneokazi, na yako mengi: KDE na Xfce zilianza mwaka 1996, GNOME ikafuata 1997. Unaweza kulivua moja ukavaa jingine, na mafaili yako yakabaki palepale. Uhuru huo ni moja ya sababu za mimi kuipenda Linux. Lakini mavazi haya hayashonwi kwa namna moja, na tofauti ya mshono ndiyo iliyomponza mpwa wangu.

Fundi alipaswa kushtuka kwa jambo moja. Kibodi na kipanya cha mguso ni vifaa viwili. Vikinyamaza dakika ileile, usiku uleule ambao mtu amebadilisha programu, ni vigumu kuamini kwamba vyote viwili vimeungua kwa bahati mbaya. Kuna mahali vinapokutana, na hapo ndipo njia imekatika. Ili kupajua ni lazima tuifuate herufi moja, tuseme A, kuanzia kidoleni hadi kwenye skrini.

Ukibonyeza A kwenye kompyuta nyingi za mkononi, kidole hakitumi herufi. Kinagusanisha mstari na safu katika wavu wa nyaya nyembamba chini ya vitufe, na kichipu kidogo kinachoukagua wavu huo bila kupumzika kinatoa namba 28. Namba hiyo inatokana na mpangilio wa kibodi ya IBM PC AT ya mwaka 1984. Kabla haijafika mbali inageuzwa kuwa 30, namba ambayo kitufe hichohicho kilipewa kwenye IBM PC ya kwanza, mwaka 1981. Ndiyo maana kiini cha Linux, ile programu ya ndani kabisa iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, huitambua kibodi ya kompyuta ya mkononi kwa jina la kizee: AT Translated Set 2 keyboard. Kompyuta ya juzi bado inazungumza lugha ya babu yake.

Kiini kinapopokea 30 hakijui kuwa ni A. Kinajua tu kwamba kitufe namba 30 kimebonyezwa, na kinaandika tukio hilo kwenye faili maalumu ndani ya /dev/input: 1 kwa kubonyeza, 0 kwa kuachia, 2 ukiendelea kukishikilia. Kazi ya kiini inaishia hapo. Anayetaka kuandika herufi aje asome mwenyewe.

Na wasomaji wako wa aina mbili. Wa kwanza ni X, mfumo wa madirisha uliozaliwa MIT, Marekani, mwaka 1984. Toleo lake la 11 lilitoka 1987, na ndilo linalotumika hadi leo. Wa pili ni Wayland, iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008 ili hatimaye ichukue nafasi ya X. X huongeza 8 kwenye namba, maana kanuni zake haziruhusu kitufe kuwa na namba iliyo chini ya 8, kwa hiyo 30 inakuwa 38. Kisha inafungua jedwali la mpangilio wa vitufe na kukuta kwamba 38, bila Shift, ni herufi ndogo a, ambayo namba yake ni 97. Hapo ndipo herufi inapozaliwa: 28, 30, 38, 97. Yote hayo hutokea kabla kidole hakijainuka.

Sasa turudi kwa mgonjwa wetu. GNOME ya siku hizi kwenye Ubuntu hutumia Wayland, na ndani yake imebeba maktaba ya libinput inayosoma matukio ya vitufe moja kwa moja. Xfce aliyoisakinisha mpwa wangu, pamoja na LightDM inayoonyesha skrini ya kuingilia, hutumia X. Na X haisomi kibodi yenyewe. Inategemea draiva ya pembeni, kifurushi kinachojitegemea kiitwacho xserver-xorg-input-libinput. Kifurushi hicho kikifutwa, GNOME ya Wayland haitaona tofauti yoyote. X itawaka, itachora madirisha, itaonyesha saa, na haitasikia kitu. Ni kipofu wa vidole. Haitasikia kipanya wala skrini ya kugusa pia, kwa kuwa vyote hupitia mlango uleule.

Hiyo ilikuwa dhana tu, na dhana hupimwa. Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa chochote: taa ya Caps Lock. Wengi wanadhani kitufe hicho huwasha taa yake chenyewe kama swichi ya ukutani. Sivyo. Kibodi hutuma namba, kompyuta huamua, kisha kompyuta huirudishia kibodi agizo la kuwasha taa. Taa ikiwaka, ujumbe umekwenda na jibu limerudi. Tulibonyeza mara tatu na taa haikuwaka. Ujumbe ulikuwa unapotea njiani, ila taa haisemi ni kituo kipi.

Kipimo cha pili kilitupa jibu. Niliizima kompyuta, nikaiwasha tena huku nikigonga Esc ili menyu ya GRUB itokee. Menyu hiyo huja kabla Linux haijaanza, na vitufe vyake husomwa na programu iliyochomwa kwenye ubao wa kompyuta yenyewe. Nikabonyeza mshale wa chini, mstari ukashuka. Nikabonyeza wa juu, ukapanda.

"Umeona?" nikamwambia mpwa wangu. "Kibodi yako nzima."

Alivuta pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu asubuhi. Kibodi mpya ya kompyuta ya mkononi si kitu cha kununua kwa pesa ya chai.

Wenye uzoefu wa Linux watauliza kwa nini hatukubonyeza Ctrl, Alt na F3 pale pale kwenye skrini ya kuingilia tukapata ukurasa mweusi wa maandishi. Tulijaribu, ikagoma, na kugoma kwake kuna sababu nzuri. X inapoanza hukiagiza kiini kiache kupeleka vitufe kwenye ukurasa wa maandishi ulio nyuma yake, la sivyo kila nenosiri unaloandika mbele lingeandikwa na kule nyuma. Baada ya hapo ni X yenyewe inayopaswa kuusikia ule mchanganyiko wa vitufe vitatu na kukubadilishia ukurasa. X isiyosikia haiwezi kukufungulia mlango. Umefungiwa ndani na mlinzi aliye kiziwi.

Lakini kiini bado kinasikia. Shikilia Alt pamoja na kitufe cha SysRq, ambacho kwa kawaida ndicho hichohicho cha Print Screen, kisha bonyeza S, U na B kwa utaratibu, kimoja baada ya kingine. S huandika kwenye diski yaliyokuwa yakisubiri, U huifanya diski isomwe tu bila kuandikwa, B huiwasha kompyuta upya. Ubuntu huruhusu hayo matatu bila kubadilisha mpangilio wowote. Kompyuta ikijiwasha, umethibitisha kuwa kibodi na kiini vinaelewana, na umeizima bila kuumiza mafaili kama ambavyo ungeumiza kwa kushikilia kitufe cha umeme. Ningetamani kila mtumiaji wa Linux ajue herufi hizo tatu.

Kutoka kwenye GRUB tulichagua hali ya uokoaji, ambamo X haianzi kabisa. Tukawasha mtandao kwenye menyu yake, simu yangu ikiwa imechomekwa kwa waya wa USB ili ipitishe intaneti, kisha tukaingia kama msimamizi. Kabla ya kurekebisha nilitaka mpwa wangu aone kosa kwa macho yake. Tukafungua faili /var/log/Xorg.0.log, shajara ambayo X huandika kila inapowaka. Humo kulikuwa na mstari unaosema imekuta kifaa kiitwacho AT Translated Set 2 keyboard, na mstari uliofuata ulisema kwamba hakuna draiva iliyotajwa, kwa hiyo kifaa hiki kinapuuzwa. Baadaye kidogo maneno yaleyale yalirudiwa kwa kipanya cha mguso. X haikuwa imeficha kitu. Ilikuwa imeeleza kila kitu mahali ambapo hakuna aliyekwenda kusoma.

Dawa yenyewe ni mstari mmoja wa apt, programu ya Ubuntu ya kusakinisha na kufuta vifurushi:

apt install xserver-xorg-input-all

Tukawasha upya. Akaandika nenosiri, nukta zikajipanga ndani ya kisanduku, Xfce ikafunguka.

Si kila kibodi inayonyamaza baada ya kubadilisha mazingira ina ugonjwa huu. Kipanya kikiwa hai na kibodi peke yake imenyamaza, usiguse draiva. Shikilia kwanza kitufe kimoja kwa sekunde 2 au 3. Herufi ikitokea kwa kuchelewa, umewasha vitufe vya polepole. Ni huduma iliyowekwa kwa ajili ya watu ambao mikono yao hutetemeka: kompyuta hupuuza mguso wa haraka na kukubali ule uliodhamiriwa. Kwenye mazingira mengi huwashwa kwa kushikilia Shift kwa sekunde 8, na mtu anayewaza huku kidole kimelala kwenye Shift anaweza kuiwasha bila kujua. Huzimwa kwenye mipangilio ya ufikivu.

Herufi zikiandikwa katika programu moja na kukataa katika nyingine, tazama mfumo wa kuingiza maandishi, hasa kama umewahi kuandika Kichina au lugha nyingine inayohitaji IBus au Fcitx. Mazingira ya zamani huenda yaliacha agizo kwamba kila herufi ipitie kwa mkalimani fulani, na mazingira mapya hayamwashi mkalimani huyo. Agizo hilo hutafutwa kwa jina la GTK_IM_MODULE. Njia ya haraka ya kujua kama tatizo limo ndani ya mipangilio yako binafsi ni kufungua akaunti mpya ya mtumiaji na kujaribu kuandika humo.

Na kuna kibodi inayoonekana imekufa kumbe inaandika kitu kingine. Matoleo ya mwanzo ya Linux yalikuja na mpangilio wa vitufe wa Kifini, kwa sababu Torvalds aliyaandikia Helsinki. Leo orodha ni ndefu, na Kiswahili kimo, cha Kenya na cha Tanzania kila kimoja na nafasi yake. Lakini mazingira mapya yanaweza kurudi kwenye mpangilio wa Kimarekani bila kukuuliza. Kwa msomaji wa Bukavu au Lubumbashi mwenye kibodi ya Kifaransa, neno amani likiandikwa kwenye mpangilio wa Kimarekani hutoka q;qni. Kwenye kisanduku cha nenosiri huoni herufi, unaona nukta tu, na unakataliwa mara kumi ukidhani umesahau neno ulilolichagua mwenyewe. Andika nenosiri hilo kwanza kwenye kisanduku cha jina la mtumiaji, kama hakuna mtu nyuma yako, utaliona linavyotoka.

Mpwa wangu aliniomba tuitazame tena ile amri aliyoinakili. Ilikuwa na majina ya vifurushi zaidi ya ishirini, na xserver-xorg-input-libinput ilikuwa katikati yake, imebanwa kati ya majina ya michezo na ya mandhari. Kabla ya kuitekeleza, apt ilikuwa imemwonyesha orodha nzima ya vitakavyoondolewa na kumuuliza kama aendelee. Alijibu Y bila kusoma.

Nawe ukiamua kubadilisha, na ninakuhimiza ujaribu, sakinisha mazingira mapya, yatumie wiki nzima, na usifute ya zamani kabla hujaridhika. Siku ya kufuta ikifika, soma orodha ile jina kwa jina. Ukiona jina linaloanza na xserver-xorg-input, jibu N.