Springi Zilizolala: Fizikia Iliyo Chini ya Gari Likokotalo Tela

Barabara itokayo Bukoba kwenda kusini, ikipitia Kemondo na Muhutwe kuelekea Muleba, hupanda na kushuka katika nchi ya matuta marefu ya mawe ya mchanga, yaliyopangana sambamba na ufuko wa Ziwa Viktoria. Katika sehemu hii ya Mkoa wa Kagera jina la Kagondo ni la mahali pawili: kata moja ya mjini Bukoba, na mahali pengine wilayani Muleba penye hospitali. Katika nchi ya vilima na mvua namna hii, gari kuukuu lenye kuendeshwa kwa magurudumu yote manne, kama vile Land Rover au Land Cruiser, ni mtumishi wa thamani. Hubeba watu, na nyuma yake hukokota tela lenye mikungu ya ndizi, magunia ya kahawa, tangi la maji au mashine ya kukoboa.

Baada ya miaka mingi ya kazi hiyo, gari huanza kuinama nyuma kama mtu aliyebeba mzigo mgongoni. Mafundi husema kuwa springi zimelala. Je, ni kitu gani hasa kilichotokea ndani ya chuma? Yafaa kuongeza bamba moja tu, au lazima springi zote mbili za nyuma zibadilishwe? Maswali haya hayahusu gereji peke yake. Yanahusu maisha ya wale wanaopanda gari hilo, na majibu yake yamo katika masomo ya fizikia yafundishwayo katika shule zetu za sekondari.

Springi ya mabamba na kazi yake

Springi ya nyuma ya magari haya ni mkusanyo wa mabamba ya chuma cha pua, yaliyopindwa kama upinde na kulaliana, refu juu na fupi chini. Bamba refu kuliko yote lina tundu kila mwisho. Tundu la mbele hufungwa kwenye chesisi kwa bolti ipitayo katika bushi ya mpira. Tundu la nyuma hushikwa na kiungo kinachobembea, ili springi ipate nafasi ya kurefuka inaponyooka. Katikati, mabamba yote hushikwa pamoja na bolti moja, kisha hukazwa juu ya ekseli kwa bolti zenye umbo la herufi U.

Mwaka 1678 mwanasayansi wa Kiingereza Robert Hooke alichapisha kanuni ambayo kila mwanafunzi wa fizikia huijua: kadiri nguvu inavyozidi, ndivyo springi inavyozidi kunyumbuka, kwa uwiano ulio sawa. Tuchukue mfano wa springi inayoshuka sentimita 1 kwa kila kilo 30. Ikibebeshwa kilo 300 itashuka sentimita 10, na ikipunguziwa kilo 60 itapanda sentimita 2. Lakini kanuni hii ina mpaka wake, nao huitwa kikomo cha unyumbufu. Chuma kikivutwa kupita kikomo hicho, tabaka za atomu zake huteleza na kukaa mahali papya. Mzigo ukiondolewa, chuma hakirudi kilipokuwa.

Hivyo ndivyo springi inavyolala. Mzigo uliozidi kiasi, shimo lililopigwa kwa kasi, na miaka mingi ya kukaa chini ya uzito, kila kimoja huacha upungufu mdogo wa kupinda kwa bamba. Upungufu huo hujumlishwa siku kwa siku, hata upinde ukawa karibu mstari ulionyooka.

Hapa yafaa kuondoa kosa la fikira lililo la kawaida. Watu wengi hudhani kuwa springi iliyolala imekuwa laini. Sivyo. Ikiwa mabamba hayakuvunjika wala hayakuliwa na kutu, ukakamavu wake ni ule ule wa zamani, maana ukakamavu hutokana na umbo la bamba na moduli ya Young ya chuma, nayo moduli haibadiliki kwa uzee. Springi hiyo bado hushuka sentimita 1 kwa kila kilo 30. Kilichopotea ni kimo chake.

Kwa nini kimo kina maana kubwa

Tuseme gari jipya lina nafasi ya sentimita 9 kati ya ekseli na mpira wa kuzuia ulio chini ya chesisi. Springi zikilala sentimita 4, hubaki sentimita 5. Sasa tufunge tela ambalo mkono wake unagandamiza ndoano ya gari kwa kilo 100. Je, ekseli ya nyuma itaongezewa kilo 100? La, itaongezewa zaidi. Ikiwa ndoano iko mita 1.2 nyuma ya ekseli hiyo, na umbali kati ya ekseli mbili za gari ni mita 2.5, basi kwa kanuni ya momenti:

100 × (2.5 + 1.2) ÷ 2.5 = 148

Ekseli ya nyuma huongezewa kilo 148, na ile ya mbele hupunguziwa kilo 48. Gari limekuwa kama pembea. Kila springi ya nyuma imepata kilo 74, yaani imeshuka karibu sentimita 2.5. Tuongeze abiria na mizigo yenye uzito wa kilo 240 juu ya ekseli ya nyuma, kilo 120 kwa kila springi. Springi zitashuka sentimita 4 tena. Jumla ni sentimita 6.5.

Gari lenye springi nzima limebakiwa na sentimita 2.5 za kuchezea, nazo ni chache. Gari lenye springi zilizolala lilikuwa na sentimita 5 tu, kwa hiyo ekseli yake imegota kwenye mpira kabla gari halijaondoka. Likipita kwenye tuta au shimo, pigo lote huingia katika chesisi, na gurudumu huruka na kuachana na ardhi. Gurudumu lisilogusa ardhi haliwezi kusimamisha gari.

Wakati huo huo magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo huongoza gari na kufanya kazi kubwa wakati wa kufunga breki, yamepunguziwa uzito. Katika mteremko uliolowa mvua, upungufu huo waweza kuwa tofauti kati ya kupinda kona na kutoka nje ya barabara. Hata taa hupotoka. Nyuma ikiinama sentimita 4 zaidi katika urefu wa mita 2.5, mwanga wa taa za mbele, katika umbali wa mita 50, hupanda sentimita 80 juu ya mahali ulipopaswa kuwa, na kumpiga machoni dereva anayekuja.

Mvua na kutu

Bukoba hupata mvua ya wastani wa karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ni miongoni mwa miji ya Tanzania ipatayo mvua nyingi. Maji na tope huingia kati ya mabamba na kukaa humo, na kutu huanza kazi yake mahali pasipoonekana. Ukakamavu wa bamba hufuata kipeo cha tatu cha unene wake, na uimara wake hufuata kipeo cha pili. Bamba la milimita 6 likiliwa hadi milimita 5.5 limepoteza chini ya sehemu moja ya kumi ya unene. Lakini ukakamavu wake umeshuka hadi asilimia 77, na uimara hadi asilimia 84. Tena vishimo vya kutu ndipo mahali nyufa zinapoanzia. Kila mtikiso huufungua ufa kidogo, na baada ya mitikiso maelfu kwa maelfu bamba hukatika ghafla. Hali hii wataalamu huiita uchovu wa metali.

Kuongeza bamba, kukunja upya au kubadilisha?

Njia ya kwanza itumiwayo ni kuongeza bamba. Tukiwa na mabamba 6 yaliyo sawa, la saba huongeza ukakamavu kwa sehemu moja ya sita. Springi iliyokuwa imeshuka sentimita 10 chini ya uzito wa gari tupu sasa itashuka sentimita 8.6. Gari limepanda sentimita 1.4 tu, ingawa lilikuwa limelala sentimita 4. Bamba jipya likiwa limepindwa kuliko mengine, litainua zaidi, lakini litabeba zaidi ya fungu lake na huenda likavunjika mapema. Yale ya zamani yamebaki na uchovu wao.

Njia ya pili ni kuyapiga mabamba nyundo yakiwa baridi ili yapinde tena. Kimo hurudi, lakini chuma kile kile kilicholala mara moja hulala tena, na mara nyingi hakichukui muda mrefu.

Njia ya tatu, ambayo ni mbaya kuliko zote, ni kulipasha bamba moto wa gesi au kulichomelea. Chuma cha springi kina kaboni karibu nusu asilimia au zaidi kidogo. Kiwandani hupashwa moto wa kiasi cha nyuzi 850 za Selsiasi, kikazimwa katika mafuta, kisha kikapashwa tena kwa moto mdogo ili kisiwe chepesi kukatika. Moto usiopimwa huiharibu kazi yote hiyo. Sehemu moja huwa laini kama chuma cha kawaida, na sehemu ya pili huwa kavu kama kigae.

Kwa gari likokotalo tela, basi, jibu la sayansi ni kubadilisha springi za pande zote mbili kwa pamoja. Ukibadilisha upande mmoja, gari litainamia upande wa pili.

Utaratibu wa kazi

Kwanza gari lisimame mahali pa tambarare, na magurudumu ya mbele yazuiwe kwa vigingi. Chesisi ikiisha kuinuliwa, ikalishwe juu ya stendi imara za chuma. Kamwe mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala juu ya matofali, kwa kuwa tofali hupasuka bila kutoa onyo. Jeki ya pili ishike ekseli.

Halafu shokomzoba, ambazo mafundi wengi huziita shokapu, hufunguliwa upande wa chini. Ekseli hushushwa taratibu, huku mpira wa breki ukiangaliwa usivutike, hata springi iwe haina mkazo. Springi iliyogandamizwa ina nishati iliyohifadhiwa, na nishati hiyo ikiachiliwa ghafla yaweza kuvunja mkono. Ndipo bolti za U na bolti za matundu hufunguliwa.

Springi mpya ikiwekwa, kichwa cha bolti ya katikati lazima kikae sawasawa katika tundu la kikalio cha ekseli, la sivyo ekseli itakaa upande. Bolti za U ziwe mpya, maana za zamani zimekwisha kuvutika. Zikazwe kwa zamu, moja upande huu na moja upande ule. Bolti zipitazo katika bushi za mpira zisikazwe mpaka gari limeshuka na kusimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa juu, mpira utajisokota gari likishuka, nao utachanika upesi. Baada ya safari ya kilomita mia chache, bolti zote hukazwa tena.

Chuma kilichochakaa na nchi ya wahunzi

Springi iliyotolewa haitupwi. Wahunzi wa Afrika ya Mashariki huithamini sana kwa kufulia mapanga, majembe na visu, kwa sababu kaboni iliyomo hukiwezesha chuma kushika makali. Mhunzi naye hutumia moto, lakini yeye hukipasha chuma chote na kukizima upya, akakipa tabia mpya kwa kazi mpya.

Maarifa ya chuma chenye kaboni si mageni katika nchi hii. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wao katika Buhaya. Mabaki ya tanuri yaliyofukuliwa, yakiwamo ya eneo la Kemondo, yalionyesha kuwa watu wa hapa waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi hiyo walijenga tanuri na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti, nacho kilikuwa na kaboni. Watafiti hao walieleza kuwa hewa ilipata joto ndani ya mirija ya udongo kabla ya kuingia motoni. Wataalamu wengine walilipinga jambo hilo, na mjadala ukaendelea. Lakini ustadi wa wayeyushaji wenyewe haukuwa na shaka.

Jaribio la darasani

Walimu waweza kuonyesha mambo haya kwa rula tatu za mbao zilizo sawa.

1. Laza rula moja juu ya vitabu viwili vilivyoachana sentimita 25. Weka gramu 200 katikati, upime imeshuka kiasi gani.

2. Weka rula mbili zikilaliana bila kushikamana, urudie. Zitashuka karibu nusu ya mara ya kwanza.

3. Zigandishe rula mbili kwa gundi, uache zikauke, urudie. Zitashuka karibu sehemu moja ya nane.

Wanafunzi wajadili: ikiwa rula zilizogandishwa zina ukakamavu mkubwa hivyo, kwa nini waundaji wa magari hawakutumia bamba moja nene? Dokezo: bamba nene likipindwa sawasawa na jembamba, uso wake wa nje huvutika zaidi, na hukifikia kikomo cha unyumbufu mapema.

4. Pima gari la shule, likiwa tupu na likiwa limepakiwa, kutoka katikati ya kila gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi ulio juu yake. Andika vipimo na tarehe ukutani mwa gereji, na kupima kurudiwe kila muhula. Kimo kikipungua, au upande mmoja ukishuka kuliko wa pili, mwenye gari aelezwe kabla tela halijafungwa.