KIKUKU CHA KALE SI KIKUKU KIKUUKUU

Wenzangu wa kidato cha tatu wamenibandika jina, ati mimi ni Ja-Kibuye, kwa sababu kila Jumapili wao wakienda kucheza mpira mimi huonekana nikipanda matatu ya Kisumu na mfuko mtupu, na jioni narudi na mfuko unaolia kengele. Wengine husema nauza takataka. Nimeona heri niwaeleze katika gazeti hili la chama chetu biashara hii ni nini hasa, maana asiyejua maana haambiwi maana, lakini nyinyi ni marafiki zangu nami nitawaambia.

Kwanza tutofautishe maneno mawili, kwani hiki ni chama cha Kiswahili bwana! Kitu kikuukuu ni kile kilichochakaa, kama viatu vyangu. Kitu cha kale ni cha zamani, na huenda bado ni kizima kabisa. Watu wengi wanaochimbua marundo ya mitumba hapo Kibuye hawatofautishi, na hapo ndipo riziki yetu ilipo.

Nasema yetu kwa kuwa biashara si yangu peke yangu. Mwenyewe ni mama mkubwa, dada yake mama. Mimi nina miaka kumi na sita, kitambulisho sina, kwa hivyo laini ya M-Pesa ni yake na ukurasa wa Facebook ni wake. Kazi yangu ni kuchagua naye, kupiga picha na kuandika maelezo. Simu haiingii shuleni (walimu, tafadhali msinitafute), kazi yote hufanyika nyumbani jioni baada ya mazoezi ya hesabu.

Tunapotoka hapa Kisian tunapita Otonglo, tunashuka mjini, kisha tunaelekea Kibuye mapema kabla jua halijawa kali. Hatuendi kwa wauzaji wa nguo. Tunaenda kwa akina mama wanaouza mikoba na mikanda, kwa sababu mkoba wa mtumba mara nyingi hufika na vitu ndani yake: hereli moja, kifungo, mkufu uliofungamana kama uzi wa nyavu. Mikufu hiyo iliyofungamana huuzwa kwa fungu. Fungu la shilingi 100 laweza kuwa na vipande kumi, tisa vikiwa vya bure na kimoja kikiwa cha kale kweli. Hicho kimoja tumewahi kukiuza shilingi 600. Mara nyingine fungu zima huwa ni bati tupu, tukarudi tumekunja uso.

Biashara ya namna hii huko ng'ambo ni kubwa mno. Mwaka 1995 Mmarekani mmoja, Pierre Omidyar, alianzisha mnada wa intaneti ambao leo unaitwa eBay. Inasemekana kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya mwangaza iliyoharibika, ikanunuliwa kwa dola 14.83! Soko jingine, Etsy, lililoanza mwaka 2005, lina sheria kwamba kitu hakiitwi cha kale mpaka kiwe kimetimiza angalau miaka ishirini. Sisi hatujafika huko. Sisi tuna WhatsApp na Facebook, na wateja wengi wako Nairobi, Nakuru na Eldoret. Lakini sheria ya miaka ishirini tumeichukua, kwa sababu inamlazimu muuzaji kujiuliza: nimejuaje?

Hapo ndipo kazi ilipo, ndugu zangu. Unajuaje? Unatafuta alama. Nunua kioo cha kukuzia, chetu kilitugharimu shilingi 150, kisha angalia nyuma ya kishikizo au ndani ya pete. Ukiona 925, anayekuuzia anadai kwamba sehemu 925 katika kila 1000 ni fedha. Nasema anadai, kwa sababu hata wezi wanajua kuchonga namba. Kwenye dhahabu, 375 ni ya karati 9, 585 ni ya karati 14, na 750 ni ya karati 18. Simba anayetembea ameinua mguu mmoja wa mbele ni alama ya Waingereza ya fedha safi. Herufi GF maana yake ni dhahabu iliyobambikwa juu ya chuma kingine, si dhahabu yote. Beba pia sumaku. Kikivutwa na sumaku, ndani si fedha wala dhahabu. Ila kisipovutwa usishangilie, kwa sababu shaba nyeupe na shaba nyekundu hazivutwi vilevile.

Na EPNS? Hizo herufi nne zilinitoa jasho. Mwaka jana nilipata kikuku kidogo kinachong'aa, chenye maua yaliyochongwa pembeni, na ndani kimeandikwa EPNS. Mimi nikaona S nikasema hiyo ni ya silva, kwisha maneno. Nikaandika, "Kikuku cha mtoto, fedha tupu, cha kale." Mama mmoja wa Nairobi akakinunua kwa shilingi 1,200. Wee! Siku hiyo nililala nikihesabu mbao za dari. Baada ya siku nne akapiga simu. Hakugomba, na nadhani ingekuwa afadhali angegomba. Akasema pole pole, "Kijana, hiki si kikuku. Hiki ni pete ya kushikia kitambaa cha mezani, na si fedha, ni mchanganyiko wa shaba na nikeli uliopakwa fedha juu kwa umeme. Herufi zenyewe zinasema hivyo."

Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Mama mkubwa alinitazama tu, akamrudishia yule mama pesa zote pamoja na nauli ya kifurushi, na kwa mwezi mzima sikupata hata senti ya mgao wangu. Huo mwezi nilitembea kwa miguu kuja shuleni. Lakini yule mama hakutuacha. Mpaka leo ananunua kwetu, na hununua bila kuuliza maswali mengi. Kwa nini? Tangu siku hiyo naandika hata mabaya. Picha napiga asubuhi karibu na dirisha, juu ya karatasi nyeupe, rula pembeni ili ukubwa uonekane. Napiga mbele, nyuma, alama, na kila ufa. Kisha naandika: jiwe moja limetoka, kishikizo kimebadilishwa, alama haisomeki, sijui umri wake. Mnunuzi wa mbali hawezi kukishika kitu wala kukiuma kwa meno. Macho yake ni wewe.

Sasa nije kwenye sarafu, ambazo ndizo zinazoleta kelele nyingi hapa kijijini. Kabla ya Kenya kuwa na sarafu zake mwaka 1966, tulitumia zile za Afrika Mashariki. Shilingi yake, iliyoanza mwaka 1921, ilikuwa na kichwa cha mfalme upande mmoja na simba mbele ya milima upande wa pili. Zile za mpaka 1946 zilikuwa na fedha robo, na kuanzia 1948 zikawa za shaba na nikeli tu. Senti kumi ilikuwa na tundu katikati na pembe za ndovu kando ya tundu. Nyumba nyingi hapa Kisian bado zina hizi senti, ndani ya makopo ya vifungo.

Kosa la kwanza la kila mtu, na mimi nimo, ni kuziosha. Niliipata shilingi ya 1925, nyeusi kama sufuria, nikaisugua kwa jivu na limau hadi ikameremeta mithili ya mwezi. Mkusanyaji mmoja alipoiona pichani akasema hataki tena, kwa sababu nimekwangua ngozi yake. Wakusanyaji huutaka ule weusi. Usioshe, jamani. Futa vumbi basi.

Kosa la pili ni kuamini mamilioni. Kuna habari inayozunguka kwenye simu ati senti kumi ya mwaka 1936 yenye jina la Edward wa Nane inauzwa mamilioni. Habari yenyewe ina ukweli uliopotoshwa. Mfalme huyo alitawala mwaka 1936 tu, tangu Januari mpaka Desemba, akajiuzulu hata kabla ya kutawazwa. Sarafu za Uingereza zenye sura yake ni adimu sana. Lakini senti zetu za tundu hazikuhitaji sura, zilihitaji jina tu, kwa hivyo zilitengenezwa mapema, tena kwa mamilioni. Mamilioni yapo kweli, lakini ni hesabu ya senti zenyewe! Bei yake ni ya chai na mandazi.

Mzee mmoja jirani yetu aliipokea habari hiyo, akafungua kopo lake, akaikuta senti yenyewe. Akapigiwa simu na mtu aliyejiita mnunuzi, akaambiwa atume kwanza shilingi 3,000 za usajili. Mzee akauza mbuzi. Akatuma. Ile namba haikupatikana tena. Ndipo akaja kwetu jioni moja, ameishika senti ndani ya leso.

"Mwanangu, wewe unasoma mambo haya. Niambie ukweli."

Nilimtazama mama mkubwa, naye akaangalia chini. Nikasema, "Jaduong', nisamehe. Tukiiuza vizuri utapata labda shilingi 200." Alikaa kimya muda mrefu. Nimewahi kupata alama mbaya, nimewahi kuchapwa na nyumbani, lakini kimya kile sijakisahau. Kwa hivyo wasomaji wenzangu, shikeni hili: mnunuzi wa kweli hukulipa wewe, hakuombi umtumie chochote.

Kuna vitu vingine ambavyo hatugusi. Bibi mmoja alituletea bangili ya pembe ya ndovu ya marehemu mama yake. Ilikuwa nzuri ajabu, laini kama siagi. Lakini biashara ya pembe ni marufuku, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu kali. Tukamrudishia kwa mikono miwili, mama mkubwa akamshauri aulize kwa maofisa wa wanyamapori asije akaingia matatani. Vilevile sheria ya makumbusho ya mwaka 2006 inavilinda vitu vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, navyo havitolewi nje ya nchi bila kibali. Kwa hivyo mtu wa ng'ambo akikuomba kigoda cha babu yako, tulia kwanza.

Habari ya malipo ni fupi. Angalia salio, usiangalie ujumbe, kwa kuwa ujumbe wa uongo huandikwa ukafanana na wa M-Pesa kama shilingi kwa ya pili. Pesa ikiingia, kifurushi huenda kwa basi, risiti napiga picha. Faida tunagawa: fungu moja la kununulia vitu vipya, fungu la mama mkubwa, na langu, ambalo muhula huu lilinunua kamusi na soksi.

Yule mzee hakuuza senti yake. Aliniomba nimsomee maandishi yaliyoizunguka, nikamsomea jina la mfalme na mwaka. Akasema babake alikuwa kibarua wa kufyeka nyasi kwenye reli ya kwenda Butere, na alilipwa kwa senti kama hizo, akizitunga kwenye kamba asizipoteze. Hilo nilikuwa sijawahi kulifikiria, kazi ya lile tundu. Nikamwandikia yote kwenye kijikaratasi, jina la mfalme, mwaka, na jina la babake. Akakikunja pamoja na senti ndani ya leso, akaaga.