Stendi ya darubini: usinunue wepesi peke yake

MSIMU wa uwindaji wa kitalii Tanzania hufunguliwa Julai mosi. Kufikia siku hiyo waongoza wawindaji wanapaswa kuwa na vifaa vyao vyote mkononi, hivyo mfanyabiashara anayetaka kuwauzia kitu ni lazima awe amevuka mpaka na mzigo wake mapema. Miongoni mwa vifaa hivyo kimo kimoja ambacho wengi wetu tumezoea kukiona kwa wapiga picha tu: stendi ya miguu mitatu, maarufu kama tripodi.

Kazi yake porini ni kushika darubini. Ya macho mawili inayokuza mara 8 au 10 hushikika vizuri kwa mkono. Ya jicho moja hukuza mara 20 hadi 60, na mtikisiko wa mkono nao hukuzwa hivyo hivyo. Bila stendi imara, mwenye darubini haoni kitu cha maana.

Kwa mwindaji hilo si jambo dogo. Sheria za Tanzania zinataka simba anayewindwa awe na umri wa miaka 6 au zaidi, na chui awe dume. Umri husomwa kwa macho, kutoka mbali, kabla risasi haijatoka. Anayekosea hupambana na mamlaka za wanyamapori. Ndiyo maana mteja huyu hurudi dukani kwa hasira stendi ikimwangusha, na akiridhika huwaleta wenzake.

Wateja hawako Tanzania pekee. Uganda inaruhusu uwindaji katika maeneo yanayozunguka Hifadhi ya Ziwa Mburo. Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977, lakini waongoza watalii na watazamaji wa ndege huko wanatumia darubini zile zile na stendi zile zile.

Kaboni au alumini?

Mteja atauliza uzito kwanza, kwa kuwa ndiye atakayeibeba kutwa nzima. Stendi ya kaboni ni nyepesi kuliko ya alumini ya ukubwa ule ule, na hutuliza mtikisiko haraka zaidi, ila bei yake iko juu. Alumini ni nzito kidogo lakini huvumilia kugongwa: mara nyingi hupinda pale ambapo kaboni ingepasuka. Anayetembea kwa miguu muuzie kaboni; anayeshinda kwenye gari alumini inamtosha.

Jihadhari na wepesi wa bei rahisi. Mara nyingi hupatikana kwa kuwembamisha miguu. Stendi yenye vipande vinne au vitano kwa kila mguu hukunjika ikawa fupi na kuingia kwenye begi, lakini kipande cha mwisho huwa chembamba kama fimbo, na hapo ndipo inapoyumba. Vipande vitatu ni imara zaidi. Angalia pia nguzo ya katikati: ikipandishwa juu, uthabiti hupungua. Stendi nzuri humfikia mteja machoni bila nguzo hiyo kuinuliwa, na miguu yake hupanuka hadi chini ili aweze kuitumia akiwa ameketi.

Kichwa nacho kina maana. Kinachozunguka kila upande kama kiungo cha nyonga kinampendeza mpiga picha, lakini kikilegezwa darubini huinama ghafla. Mwindaji hufagia mbuga kwa macho polepole, kwa hiyo kinachomfaa ni kichwa chenye mpini, kinachokwenda kulia na kushoto, juu na chini, bila kukwama. Beba pia viunganishi vya darubini za macho mawili. Nyingi zina tundu la skrubu mbele ya bawaba, lakini bila kiunganishi hazikai kwenye stendi. Ni kitu kidogo chenye faida nzuri.

Ijaribu kabla ya kulipa

Usitegemee uzito wa mzigo ulioandikwa kwenye boksi, kwa sababu kila kiwanda hupima kwa namna yake. Fungua miguu yote, funga darubini, ilenge kwenye bango la mbali, kisha gonga mguu mmoja kwa kidole. Hesabu sekunde hadi picha itulie. Rudia kwa stendi ya pili, ulinganishe. Fungua na kufunga vifungio mara kadhaa. Vya kuzungusha vinapaswa kufunguka vyote ili visafishwe, kwa kuwa vumbi la kiangazi huviingia na kuvikwamisha.

Mpakani

Wapo wanaodhani kwamba mzigo wa chini ya dola 2,000 za Marekani hupita kwa Cheti Rahisi cha Uasili. Utaratibu huo ni wa bidhaa zenye asili ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Stendi iliyotengenezwa China haiingii humo hata kama umeinunua Nairobi, kwa hiyo weka ushuru kwenye hesabu yako kabla hujapanga bei.

Katika tamko la forodha, stendi ina namba yake, 9620. Darubini za macho mawili ziko 9005, na za kufungwa kwenye bunduki ziko 9013. Usizichanganye katika mstari mmoja, maana vifaa vya silaha vina masharti mengine, na mzigo wa stendi kumi unaweza kukaa ghalani kwa sababu ya maelezo mabaya. Msimu haumsubiri mtu.