Je, Wajua Kizibo Kinachomeza Mwangwi?

Katika ofisi na vyuo vilivyounganisha kompyuta zao miaka ya 1980, ilikuwa ada kuona kebo nyembamba ikipita nyuma ya meza hadi meza, na katika kila ncha yake kizibo kidogo cha chuma, ambacho mtu asiyeijua kazi hii hukidhani kifuniko cha kuzuia vumbi, akakichomoa bila ya kutafakari, na mara ile ile mtandao wote ukanyamaza.

Mtandao huo ni wa ukoo wa Ethernet, uliobuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe pamoja na David Boggs katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, Marekani. Kebo yake nyembamba haikuruhusiwa kuzidi mita 185 wala kuchukua zaidi ya kompyuta 30, nazo zote zilishiriki waya mmoja mfano wa watu wa baraza moja, ambapo kila mmoja husikiliza kwanza kabla ya kunena, na akisikia mwenziwe ananena naye, hukata maneno yake akangoja.

Sasa ishara ya umeme ifikapo kwenye ncha iliyo wazi haipotei, bali hugeuka ikarudi ilikotoka. Na kompyuta, kwa kuusikia mwangwi wa sauti yake yenyewe, hudhani kuwa mwenziwe ameingilia kati, hunyamaza, hujaribu tena, hata mwishowe ikaacha. Ndani ya kizibo mna kizuizi cha omu 50, kadiri ile ile iliyo tabia ya kebo, na kwa sababu hiyo ishara huingia humo ikageuka joto kidogo, isirudi tena.

Basi fundi anayeongeza kompyuta katika mtandao wa namna hii, akiona haipati mawasiliano, asiharakishe kuilaumu kompyuta. Na azizime zote, akitoe kiungio chenye umbo la herufi T nyuma ya mojawapo, kisha apime kwa multimita baina ya pini ya kati na ganda la nje. Akipata omu 25 na ushei, vizibo vyote viwili vipo, maana vizuizi viwili vya omu 50 vilivyo sambamba huwa 25. Akipata 50, upande mmoja umekatika au umekosa kizibo. Na akipata karibu na sifuri, shaba ya kati imegusana na wavu wa nje. Hapo na aitenge kebo katikati, aifunge ncha kwa kizibo cha akiba, aijaribu kila nusu, na ile yenye ila aigawe tena: kwa kompyuta 30, hatua tano zatosha.

Yako makosa mawili ambayo macho hayayatambui upesi. La kwanza ni kutumia kebo ya televisheni, ambayo kwa sura yafanana na hii, illa tabia yake ni omu 75, nayo hurudisha mwangwi pale inapoungwa. La pili ni kurefusha kwa kipande cha waya baina ya kiungio na kompyuta, ilhali kiungio chapasa kukaa kwenye kadi ya mtandao ya kompyuta yenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua kompyuta yoyote, na aifuate kebo kwa mkono wake hadi ncha zote mbili, avishike vile vizibo viwili, kwani ila ya meza hii aghalabu chanzo chake kimo katika chumba cha mbali.