Tathmini ya Matarajio ya Utafutaji wa Madini katika Maeneo ya Mbali ya Kaskazini: Mfano wa Almasi za Lac de Gras, Kanada

Makala haya yanafafanua namna matarajio ya utafutaji wa madini yanavyotathminiwa mahali pasipo na barabara ya kudumu, reli wala gridi ya umeme. Mfano unaotumika ni eneo la ziwa Lac de Gras, takriban kilomita 300 kaskazini-mashariki mwa Yellowknife, makao makuu ya Maeneo ya Kaskazini-Magharibi ya Kanada. Hoja ya msingi ni kwamba katika mazingira ya namna hii swali la iwapo madini yapo ni moja tu kati ya maswali ya mwanzo, na mara nyingi si lililo gumu zaidi. Maswali ya njia, ya majira na ya gharama za kufunga mgodi hayapaswi kusubiri upembuzi yakinifu. Yanapaswa kuulizwa tangu sampuli za kwanza zinapookotwa.

Kijiolojia, eneo hilo limo ndani ya Kratoni ya Slave. Kratoni ni sehemu kongwe na tulivu ya bara ambayo mizizi yake minene imeshuka kina kirefu, na huko ndiko almasi hutengenezwa na kuhifadhiwa. Huletwa juu na magma ya kimbalaiti, ambayo hupasua miamba na kuacha mabomba wima yenye umbo la karoti. Msomaji wa Tanzania atautambua mfumo huu, kwani Mwadui mkoani Shinyanga nako ni kimbalaiti iliyopenya Kratoni ya Tanzania. Aliyeigundua mwaka 1940, John Williamson, alikuwa mwanajiolojia kutoka Kanada, miongo mitano kabla almasi za nchi yake mwenyewe hazijajulikana kibiashara.

Kuchelewa huko kuna sababu. Kimbalaiti ni mwamba laini kuliko granaiti inayoizunguka, hivyo barafuto kubwa lililofunika kaskazini mwa Amerika liliikwangua hadi mabonde, na barafu ilipoyeyuka mabonde hayo yakajaa maji. Mabomba mengi ya Lac de Gras yamelala chini ya vijiziwa, katika nchi yenye maziwa yasiyohesabika. Mtafiti anayetembea juu ya ardhi haoni kitu. Hata hivyo, barafuto lililoficha mwamba ndilo pia lililotawanya ushahidi wake. Lilipokuwa likisogea lilibeba punje za madini viashiria, yaani garneti za aina ya piropu, kromaiti, ilmenaiti na daiopsaidi yenye kromu, likazimwaga katika mchanga na changarawe upande lilikoelekea.

Chuck Fipke na Stewart Blusson walianza kuokota punje hizo karibu na milima ya Mackenzie, mamia ya kilomita magharibi mwa chanzo chake. Kazi yao katika miaka ya 1980 ilikuwa kurudi nyuma, kinyume na mwelekeo wa barafuto la kale, wakichukua sampuli za mchanga hatua kwa hatua kuelekea mashariki. Punje zilipoongezeka, walijua wamo njiani; zilipokoma ghafla, walijua wamepita chanzo. Si kila garneti ina maana sawa. Uchunguzi wa John Gurney wa Chuo Kikuu cha Cape Town ulikuwa umeonesha kwamba garneti zenye kromu nyingi na kalisi kidogo huambatana na kimbalaiti zenye almasi. Kwa hiyo maabara iliwawezesha kuchuja mabomba tasa kabla ya kutumia fedha kuchoronga. Inafaa kusisitizwa kwamba sehemu kubwa ya ugunduzi huu ilifanywa kwa ndoo, chekecheo na subira.

Mwaka 1991 uchorongaji chini ya kijiziwa cha Point Lake ulitoa kilo 59 za kimbalaiti zenye almasi ndogo 81. Habari hiyo ilizusha mojawapo ya mbio kubwa kabisa za kuwania haki za madini katika historia ya Kanada. Lakini almasi ndogo huthibitisha kuwapo tu, hazisemi thamani. Ili kujua bei ya wastani ya karati moja, ni lazima kuchimba tani nyingi na kupata mawe ya kutosha ya kibiashara. Kipimo hicho kilipofanyika, bomba la Point Lake halikupewa kipaumbele. Mgodi wa Ekati ulipofunguliwa Oktoba 1998 ulianza na bomba jingine, Panda. Point Lake lilingoja hadi miaka ya 2020, na mwaka 2025 uchimbaji wake ukasimamishwa kwa kuwa haukulipa. Bomba lililoanzisha yote halikuwa mgodi mzuri.

Ulinganisho na Mwadui unaeleza mantiki hii vizuri. Bomba la Mwadui lina eneo la juu la hektari zipatazo 146, lakini tani 100 za mbale hutoa chini ya karati 10. Mgodi wa Diavik, uliofunguliwa mwaka 2003 katika kisiwa cha Lac de Gras, ulianza na mabomba ya hektari chache tu yenye karati zaidi ya 3 kwa kila tani moja. Kama kimbalaiti ya Mwadui ingekuwa Lac de Gras, huenda ingebaki alama kwenye ramani. Umbali huongeza kiwango cha chini cha utajiri ambacho mwamba unapaswa kuwa nacho, na kiwango hicho hakiandikwi katika mwamba wenyewe.

Umbali huo hupimwa kwa majira zaidi ya kilomita. Mafuta, saruji, baruti na mitambo husafirishwa kwa barabara ya barafu inayoanzia ziwa Tibbitt, ambayo takriban asilimia 85 yake hupita juu ya maziwa yaliyoganda. Hutumika kwa wastani wa miezi miwili kwa mwaka. Lori lililopakia huenda kwa ujumla kilomita 25 kwa saa, kwa kuwa uzito wake huikunja barafu na kusukuma wimbi katika maji ya chini. Lori likienda kasi, wimbi hilo hugonga kingo za ziwa, hurudi, na kuipasua barafu. Dereva mwenye haraka huko huhatarisha wenzake kuliko nafsi yake. Mwaka 2006 majira ya baridi yalikuwa ya joto kuliko kawaida, barabara ikafungwa mapema, na migodi ikalazimika kuleta sehemu ya mafuta kwa ndege, kwa gharama kubwa mno.

Ipo migodi iliyofaulu mtihani wa jiolojia ikashindwa mingine. Jericho, mgodi wa kwanza wa almasi wa Nunavut, ulifunguliwa mwaka 2006 na kusimama mwaka 2008 kutokana na matatizo ya uendeshaji, bei ya mafuta na kupanda kwa dola ya Kanada. Snap Lake ulidumu kuanzia 2008 hadi Desemba 2015 bila kupata faida, huku maji ya chini ya ardhi yakiingia mgodini kwa wingi. Almasi zilikuwapo katika yote miwili.

Tathmini isiyohesabu wenyeji na mwisho wa mgodi nayo ina upungufu. Mkataba wa watu wa Tłı̨chǫ, ulioanza kutumika mwaka 2005, uliwapa umiliki wa takriban kilomita za mraba 39,000, pamoja na madini yaliyo chini yake. Wasiwasi wao mkubwa ni karibuu, yaani kulungu wa nchi za baridi. Kundi la Bathurst lilikadiriwa kuwa na karibuu 470,000 mwaka 1986 na takriban 8,200 mwaka 2018. Wataalamu hawajakubaliana migodi imechangia kiasi gani, lakini mwombaji leseni hawezi kulikwepa swali hilo. Aidha, pembezoni mwa Yellowknife mgodi wa dhahabu wa Giant uliacha tani 237,000 za vumbi la arseniki chini ya ardhi, na mzigo wa kulidhibiti umeangukia serikali.

Uzalishaji wa Diavik ulipangwa kukoma mwaka 2026, na macho sasa yamegeukia lithiamu. Miamba yake kandokando ya Yellowknife ilijulikana tangu katikati ya karne iliyopita, kwani hujitokeza wazi juu ya ardhi kama mikanda myeupe. Watafiti waliorudi huko miaka hii wameanza kuchoronga ile iliyo karibu na barabara kuu.